Mkataa Kwao na Asiyepewa Kwao

Iko methali ambayo wazee wa huku Likawage hupenda kuwatupia vijana: Mkataa kwao ni mtumwa. Huitoa hasa pale mtoto anaposemeshwa kwa Kingindo naye akajibu kwa Kiswahili, au akanyamaza akimtazama mama yake apate kufasiriwa. Methali hiyo ni kali, nayo ni ya kweli kwa kadiri yake. Lakini sisi walimu, ambao kazi yetu ya kila siku ni kuwapima watoto, twajua ya kuwa hata neno la kweli laweza kumdhulumu mtu likimwangukia asiyestahili. Basi katika karatasi hii twataka kuuliza swali moja na kulijibu kwa kadiri ya uwezo wetu: mtu aliyeikosa lugha ya babu zake, je, ameikataa? Na kama hakuikataa, deni hili ni la nani?

Yafaa kwanza wasomaji walio mbali wapate kuijua nchi tunayoisema. Likawage ni kata ya wilaya ya Kilwa, lakini si Kilwa ile ya bahari na magofu iliyosifiwa na wageni. Ni bara, nchi ya miombo na mipingo, upande wa kuelekea Liwale. Lugha ya wazee ni Kingindo. Kaskazini, katika vilima, husemwa Kimatumbi, kusini Kimwera, na pwani Kimachinga pamoja na Kiswahili cha wenyeji. Malcolm Guthrie, mtaalamu aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, alikiweka Kingindo katika kundi moja na Kimatumbi, Kindengereko, Kirufiji na Kimbunga. Kimwera akakiweka katika kundi jingine pamoja na Kiyao na Kimakonde. Namba hizo hukaa vizuri kitabuni, lakini njiani hazikai hivyo. Msafiri aendaye kijiji kwa kijiji husikia maneno yakibadilika kidogo kidogo, wala hapati mahali pa kusimika nguzo na kusema, Hapa lugha moja imekoma, na hapa nyingine imeanza.

Tena Wangindo hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwakusanya. Crosse-Upcott, aliyeandika tasnifu juu yao mwaka 1956, hakuwataja katika jina la kazi yake kuwa kabila moja, bali watu mbalimbali wenye kusema Kingindo. Twaona alichagua vema, kwa maana kilichowafanya wajuane hakikuwa kiti cha enzi wala mji mkuu. Kilikuwa ni maneno yao.

Na watu hao wametawanywa mara nyingi. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907 vilifuatwa na njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka sehemu kubwa za Liwale, ikitaja ugonjwa wa malale, na nchi waliyoiacha ikaongezwa katika pori la akiba la Selous. Kisha kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wakakusanywa katika vijiji, na jirani wa zamani akatenganishwa na jirani yake. Kila mara watu walipochanganyika, Kiswahili ndicho kilichowasikilizanisha. Tangu mwaka 1967 ndicho kilichofundishia katika shule za msingi za serikali nchi nzima. Hatukuandika karatasi hii ili kukilalamikia. Kimetuwezesha kukaa baraza moja na watu wa Kagera na wa Mara bila mkalimani, na atakayetaka kukibomoa hatajenga chochote mahali pake.

Haya, turudi kwenye swali. Wako watu wasemao kwamba lugha ni chombo tu. Jembe likichakaa, mtu hununua jipya, wala halilii la kwanza. Vivyo hivyo lugha ndogo ikiwa haina kazi, na iachwe, kwani imemdhuru nani? Maneno haya yana sura ya akili, lakini yamesahau jambo moja. Jembe ni la mtu mmoja, na lugha siyo. Lugha hufanana na wimbo wa ngoma: mwanzishi huimba, wenzake huitikia. Waitikiaji wakiondoka uwanjani mmoja mmoja, kila mmoja na shughuli yake halali, mwanzishi hubaki na sauti yake, lakini wimbo hana tena. Bibi mzee ambaye wajukuu wote hujibu kwa lugha nyingine hakuchagua kunyamazishwa; amenyamazishwa na machaguo ya wengine. Basi haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyedhurika.

Wako na wengine, nao ni wengi katika wazee wetu, wasemao kinyume chake: lugha ni damu. Mtoto wa Mngindo ni juu yake aseme Kingindo, apende asipende, na asiposema amewakana waliomzaa. Twaheshimu uchungu ulio ndani ya maneno haya. Lakini kama lugha ni damu, twauliza, mtoto ambaye baba yake ni Mngindo na mama yake Mmatumbi adaiwe ipi? Na akioa Mmwera, watoto wao wadaiwe ngapi? Deni lisilokuwa na hesabu halilipiki. Tena tazameni Wangoni wa Songea. Watawala wao walitoka kusini ya mbali, kule kwenye lugha zilizo ndugu ya Kizulu, wakaja katika karne ya 19 wakiwa washindi. Hata hivyo lugha ile waliyokuja nayo imekwisha huko Songea, na Kingoni kisemwacho leo kimetokana na lugha za wenyeji waliowatawala. Nani amewaita Wangoni watumwa? Na pwani ya Kilwa wako wengi ambao wazee wao walitoka bara, wakakaa, wakaoa, wakawa Waswahili, wala hatuwezi kusema kwamba wote hao walitenda dhambi. Kwa hiyo kuacha lugha, peke yake, si kosa. Watu wameacha lugha na kushika nyingine tangu zamani.

Ikiwa ndivyo, kosa liko wapi? Sisi twaona ya kuwa methali imebeba ndani yake neno ambalo wasemaji hulipita upesi, nalo ni kukataa. Kukataa ni kitendo. Mtu hukataa kitu kilichowekwa mbele yake, akakiona, akakijua thamani yake, kisha akakirudisha. Wawazeni warithi wawili. Wa kwanza alionyeshwa shamba la babu yake na mipaka yake, akalima misimu miwili, halafu akaliuza akaenda mjini. Twaweza kumlaumu au kumsifu, lakini shauri ni lake. Wa pili hakuonyeshwa shamba hata siku moja. Wakubwa wake waliona haya kumpeleka, au walidhani hatalihitaji. Na alipokua, mwitu ulikuwa umekwisha kulifunika. Je, huyu wa pili naye ameliuza? Hata kidogo. Asiyepewa hakukataa. Basi kabla ya kumwita mtoto mtumwa, ni wajibu wetu kuuliza kwanza kama aliwahi kupewa.

Na hapa yatupasa kutofautisha mambo mawili yafananayo kwa nje: lugha iliyoachwa na lugha iliyonyang'anywa. Mwisho wake huonekana mmoja, yaani kimya. Lakini njia ni mbili, na haki hupima njia. Huko Wales, katika karne ya 19, ziko shule ambamo mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni, na kibao kile kikapita kwa kila aliyekosa baada yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi watoto wa shule walivyopigwa na kuvikwa alama ya aibu kwa kusema Kigikuyu, na jinsi walivyofundishwa kuchongeana. Mtu aliyetoka katika shule kama hizo akaamua kutowafundisha wanawe lugha ya nyumbani, hatuwezi kusema kwamba ameiacha kwa hiari. Amejifunza kuiogopa.

Mtu atasema, Huku kwetu hakuna vibao. Ni kweli, lakini yako mambo mengine yafanyayo kazi ya kibao. Kuna kicheko. Mtoto aliyelelewa na bibi yake huja shuleni akatamka neno la Kiswahili kwa sauti ya Kingindo, na darasa zima huangua kicheko. Kesho yake hatamki tena. Na kuna jina. Sikilizeni twaziitaje lugha hizi: twasema kilugha. Fulani anaongea kilugha. Kiingereza ni lugha, Kifaransa ni lugha, Kiswahili ni lugha. Lakini maneno ambayo mama alimbembelezea mwanawe ni kilugha, kana kwamba lugha imekatwa ikabaki kipande. Hatudhani wengi wasemao hivyo wana nia mbaya. Lakini mtoto husikia, naye ana akili. Hujua upesi ni kitu gani katika nyumba yao kimehesabiwa kidogo, na mara huanza kumhesabu hivyo hata yule akisemaye.

Wazazi watatujibu, na jibu lao lastahili kusikilizwa, maana hawasemi kwa uvivu. Husema: Mwalimu, mtihani wa darasa la saba ni wa Kiswahili, na sekondari Kiingereza kinamngoja. Mtoto ana kichwa kimoja. Kwa nini tumtwike mzigo wa tatu usiompa kazi wala mshahara? Kwanza twajibu kwamba lugha haikai kichwani kama gunia ghalani, hata moja ikiingia nyingine itolewe. Wazee wenyewe wa nchi hii ni mashahidi: wengi walisema Kingindo nyumbani, Kimatumbi kwa wakwe, Kiswahili sokoni, wala hakuna iliyomfukuza mwenzake. Mtoto mdogo apataye lugha mbili nyumbani hapungukiwi. Mwenye kupungukiwa ni yule aliyesemeshwa kwa lugha ambayo mzazi mwenyewe haijui vema, akapewa maneno machache makavu mahali pa mengi yaliyo hai.

Jibu la pili ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Wajibu humwangukia yeye ambaye peke yake aweza kuutimiza. Kiswahili mtoto atakipata shuleni, redioni, dukani, njiani. Mzazi akizembea, wako mia watakaomfundisha. Kiingereza kina vitabu na walimu. Lakini Kingindo, asipopewa na mama, baba, bibi na babu yake, atakipata kwa nani? Hakuna shule iwezayo kumrudishia baadaye. Ndiyo maana twasema deni hili si la mtoto. Ni la watu wazima wa nyumba ile, tena ni deni la kutoa, wala si la kulazimisha. Mzazi na ampe mtoto. Mtoto akikua, akitaka kukiweka kando, na akiweke. Hapo, na hapo tu, tutakuwa na haki ya kutamka methali, na pengine hatutakuwa na haja nayo.

Bado iko hatari nyingine, nayo huwapata hasa wale waipendao lugha yao. Mtu akitaka kuihifadhi lugha ndogo, mara huuliza: ipi iliyo safi? Kingindo cha Liwale au cha Kilwa? Na hapo walinzi hugeuka kuwa wanyang'anyi, wakiwafanyia majirani wadogo yale waliyoyalalamikia kwa wakubwa. Jambo hili limewapata hata watu wenye nguvu kuliko sisi. Huko Moroko, Waamazighi, ambao wageni waliwaita Waberiberi, walidai kwa miaka mingi lugha yao ipewe heshima. Mwaka 2001 taasisi ya kifalme ikaundwa kwa kazi hiyo, na mwaka 2011 katiba ikaitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini walikuwa na lahaja kubwa tatu, Tarifit ya kaskazini, Tamazight ya milima ya kati, na Tashelhit ya kusini, na ili kuandika vitabu vya shule ikabidi kutengenezwa namna moja kutoka katika zote. Wako waliofurahi, na wako waliosema kwamba mtoto wao akifungua kitabu hakuti maneno ya mama yake.

Wala tusiende mbali. Kiswahili hiki tunachokiandika kilichaguliwa. Mwaka 1928 wakuu waliokutana Mombasa waliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Kimvita, chenye mashairi ya kale, kilikaa nje. Na Kimgao cha pwani hii ya Kilwa hakikutajwa katika mashindano. Hatusemi uamuzi ulikuwa mbaya, maana kitabu cha watu wote chahitaji namna moja. Twasema tu kwamba Kiunguja hakikuzaliwa kitini. Kiliwekwa, na wale waliokiweka hawakuwa na maana ya kusema kwamba bibi wa Kilwa hajui kusema.

Kutoka hapo twapata kanuni: usanifu ni wa karatasi, heshima ni ya kinywa. Hata herufi zetu zatufundisha unyenyekevu. David Odden, aliyetoa mwaka 1996 kitabu kikubwa juu ya Kimatumbi, ameonyesha kwamba lugha ile ina irabu saba, si tano kama Kiswahili, na kwamba urefu wa irabu na kupanda kwa sauti hubadili neno. Wataalamu huandika jina lake kwa u mbili, Kimatuumbi, ili urefu ule usipotee. Basi mtu akidhani kwamba lugha za vilima vile ni Kiswahili kilichoharibika, na ajue kwamba zina vyumba ambavyo nyumba ya Kiswahili haina.

Na vyumba hivyo si vitupu. Wazee wa huku walipoulizwa na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, walieleza jinsi habari za maji ya Kinjikitile zilivyopita mtu kwa mtu mwaka 1905, bila serikali ya Kijerumani kuzinasa. Habari ile ya siri ilikuwa na jina lake, njwiywila. Kwa Kiswahili twaweza kusema mnong'ono, lakini hatukulifikia. Maana mnong'ono waweza kuwa wa umbeya, na ule ulikuwa wa agano. Mtoto asomaye vita vya Maji Maji katika kitabu cha shule hupata tarehe na majina. Mjukuu awezaye kumuuliza babu kwa lugha yake hupata na lile neno.

Tena liko jambo la haki kwa walio hai. Mzee aendaye zahanati hueleza maumivu yake vizuri zaidi kwa lugha aliyoumia nayo tangu utoto. Na mama aliyeitwa mbele ya baraza la kata juu ya shamba lake husimama na maneno nusu kama hakuna aliye tayari kumsikia. Kila kijana asiyeijua lugha ile ni mkalimani mmoja aliyepungua. Hapa hatusemi habari za makumbusho wala sifa za kabila. Twasema habari za mtu kupata dawa iliyo sawa na hukumu iliyo sawa.

Tufanye nini basi? Sheria mpya hatuombi. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikwisha kusema kwamba wananchi waendelee kuzitumia lugha zao za asili na kuona fahari juu yake, na kwamba watu na vyama wahimizwe kuziandika. Na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa mwaka 2009 atlasi inayoonyesha lugha za nchi yetu, zaidi ya 120, na mahali zinaposemwa. Lakini atlasi huhesabu wasemaji, haizai hata mmoja. Kazi iliyobaki ni ya nyumbani na ya darasani. Wazazi na waseme na watoto wao lugha wanayoijua kweli, bila haya. Walimu tukizuie kicheko, tukimwambia mtoto, Hivyo ndivyo wasemavyo kwenu, na kwa Kiswahili twasema hivi. Maneno hayo mawili humfundisha pasipo kumvunja. Na wazee, tunawaomba kwa heshima, waiweke methali ile kando kwa muda, na mahali pake watoe hadithi. Mtoto akikosea asichekwe nao pia, kwa maana mara nyingi wazee ndio wachekao kwanza, na mtoto aliyechekwa shuleni kwa Kiswahili chake na nyumbani kwa Kingindo chake hana pa kusemea.

Haya ndiyo tuonayo sisi wa huku bara ya Kilwa. Huenda wenzetu wa Newala, wa Masasi, wa Mahenge na kwingineko wanaona vingine, na huenda wamekwisha kujaribu njia iliyo bora. Tutafurahi kuyasoma mawazo yao katika kurasa hizi.